Si joto pekee linalowatoa wauguzi Garissa

Saa nane za usiku katika wadi ya wazazi, kwenye mji wa joto. Feni inazunguka lakini hewa inayoshusha ni ya moto. Muuguzi ni mmoja, akina mama ni kumi na wawili, na mmoja wao ameletwa kwa gari la mizigo kutoka mbali, uchungu ukiwa umemshika tangu juzi. Muuguzi huyo anahangaika mpaka kunakucha. Saa moja na nusu asubuhi msimamizi wake anaingia. Hamwamkii. Anapitisha kidole juu ya meza ya dawa, anaona vumbi, kisha anauliza mbele ya wagonjwa: "Wewe ulikuwa umelala usiku kucha?"

Wiki hiyo hiyo muuguzi anaandika barua ya kuomba uhamisho. Ukimwuliza sababu, atakuambia ni joto.

Kisa hicho tumekitunga ili tupate pa kuanzia, lakini msomaji aliye na dada, mke au mwana anayevaa sare ya hospitali atakitambua mara moja. Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kisukari na shinikizo la damu. Leo tuwageukie wanaotutibu, tujiulize kinachowafanya waipende kazi yao au waichukie. Aghalabu jibu tunalolisikia ni mshahara. Mshahara ni jibu la kweli, ila si jibu zima, na sehemu iliyosalia inakaa ndani ya ofisi ya msimamizi.

Tumechagua kuutazama mkoa uliokuwa ukiitwa Kaskazini Mashariki, hasa mji wa Garissa, kwa kuwa huko kila kinachoweza kumchosha mhudumu wa afya kinapatikana kwa wingi. Mkazi wa Waberi, mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Mjini, akizidiwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ile ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama Hospitali Kuu ya Mkoa. Lakini hospitali hiyo si ya watu wa mjini peke yao. Mgonjwa aliyeshindikana Masalani, Modogashe au Dadaab huelekezwa huko, na kaunti yenyewe ina zaidi ya kilomita mraba 44,000 na watu 841,353 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019. Nje ya mji, zahanati nyingi huendeshwa na muuguzi mmoja au wawili. Muuguzi mmoja akiondoka mahali kama hapo, huduma nzima imeondoka naye.

KITUO CHA ADHABU

Kwa miaka mingi mtumishi wa serikali aliyemkosea mkubwa wake Nairobi alitishwa kwa maneno machache tu: utapelekwa Kaskazini Mashariki. Eneo hilo lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu wakati wa vita vya shifta, na sheria hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mpaka leo utamsikia mzee wa Garissa anayejiandaa kwa safari ya Nairobi akisema kwamba "anakwenda Kenya", kana kwamba pale alipo ni nchi nyingine.

Fikiria basi jambo hilo linafanya nini kwa uongozi wa hospitali. Ikiwa mahali ni pa adhabu, hata msimamizi mwenyewe anatumikia adhabu. Anahesabu miezi. Hana haja ya kumjua muuguzi wa zamu ya usiku wala kurekebisha ratiba ya likizo, maana yeye mwenyewe yuko njiani. Wanaoongozwa naye huliona hilo mapema kuliko anavyodhani, nao huanza kuhesabu miezi yao.

Lakini hata katika miaka hiyo walikuwapo walioongoza kwa namna nyingine. Huko Wajir, Mwitaliano Annalena Tonelli, ambaye hakuwa daktari, alishughulika na wagonjwa wa kifua kikuu katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wafugaji wa kuhamahama walikuwa wakianza dawa kisha wakifuata mifugo yao kabla ya kupona. Tonelli hakuwakemea kwa utoro. Alikaa nao, na wagonjwa wakajenga vibanda vyao wenyewe karibu na matibabu, wakaishi hapo mpaka dawa zikaisha. Manyatta hizo za kifua kikuu zikaja kuigwa kwingineko katika Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, mwezi Oktoba mwaka 2003, akiwa bado anaendelea na kazi hiyo hiyo. Si kila kiongozi anayeweza kuishi maisha ya namna ile, wala hatumtaki kila msimamizi ahamie kwenye kibanda. Tunachokitazama ni jinsi alivyoanza: aliuliza kwanza kwa nini watu wanaondoka, ndipo akapanga kazi.

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti huduma za afya, na tangu mwaka 2013 mwajiri wa muuguzi wa Garissa si Wizara iliyoko Nairobi tena bali ni serikali ya kaunti. Mkubwa amesogea karibu. Je, hilo ni jema? Kwa upande mmoja ndiyo, kwa sababu shida ya maji hospitalini haihitaji tena barua ya kusafiri kilomita karibu 370 hadi Nairobi. Kwa upande mwingine, mkubwa aliye karibu ana shemeji karibu pia, ana ukoo na ana wapiga kura. Muuguzi aliyetoka Meru au Kisii huanza kujiuliza kama kupandishwa cheo kutamfikia. Muuguzi mzaliwa wa Garissa naye ana mashaka yake: akipandishwa cheo, wenzake watasema ni ukoo, hata kama alistahili. Na uhamisho kutoka kaunti moja hadi nyingine umekuwa mgumu, kwa kuwa waajiri ni wawili na hakuna anayelazimika kumpokea mfanyakazi wa mwenzake.

FIMBO MBILI, SI MOJA

Mwaka 1959 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake wawili, alichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Aliwauliza maswali mawili mepesi: ni lini uliipenda sana kazi yako, na ni lini uliichukia? Mtu angetazamia kusikia mambo yale yale yakitajwa mara mbili, mara yakiwapo na mara yakikosekana. Haikuwa hivyo. Walipoeleza chuki walitaja mshahara, kanuni za ofisi, mazingira ya kazi na hasa namna walivyosimamiwa. Walipoeleza furaha walitaja kazi iliyokamilika vizuri, kutambuliwa, kupewa wajibu na kupanda ngazi.

Maana yake ni kwamba kuridhika na kutoridhika si ncha mbili za fimbo moja. Ni fimbo mbili. Ukimlipa muuguzi mshahara wake kwa wakati umemwondolea kero, na ni lazima ufanye hivyo, lakini bado hujampa sababu ya kuipenda wadi yake. Kinyume chake pia ni kweli. Huwezi kumpa cheti cha mfanyakazi bora mtu ambaye hajalipwa miezi mitatu ukatazamia atabasamu. Wako wataalamu waliomkosoa Herzberg, wakisema binadamu hupenda kujisifu kwa mema na kumlaumu mkubwa kwa mabaya. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, mtu yeyote aliyefanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja ataona kwamba Herzberg hakubahatisha.

Yatazame magomo yetu. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakafuata mwezi Juni 2017, wakakaa nje takriban miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Fedha zilikuwa katikati ya kila mgomo. Lakini ukiwasikiliza waliokuwa barabarani, walizungumzia mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 kisha ukawekwa kabatini, yaani walizungumzia ahadi na heshima kama walivyozungumzia shilingi. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliodanganya haulambwi vilevile.

Mtaalamu mwingine, Kurt Lewin, pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White, aliwachunguza wavulana wa miaka kumi hivi katika jimbo la Iowa, matokeo yakachapishwa mwaka 1939. Vikundi vya wavulana vilipewa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya uso, kila kikundi kikiwa na kiongozi wa namna yake. Mmoja aliamuru kila hatua. Mwingine alijadiliana nao. Wa tatu aliwaachia wafanye watakavyo. Kikundi cha amri kilitoa kazi nyingi, ila kiongozi alipotoka chumbani kazi ilizorota. Kikundi cha majadiliano kiliendelea hata alipotoka. Kikundi kilichoachiwa hakikufanya la maana.

Wavulana wa Iowa si wauguzi wa Garissa, tunakubali. Lakini hospitali ni mahali ambapo kiongozi huwa ametoka chumbani sehemu kubwa ya wakati. Saa nane za usiku msimamizi yuko nyumbani amelala. Kinachomlinda mgonjwa wakati huo ni kile alichokijenga mchana.

SIKU AMRI INAPOHITAJIKA

Tusidhani kwamba amri ni dhambi. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Majeruhi walimiminika katika hospitali ya mji, na waliokuwa na hali mbaya zaidi wakapelekwa Nairobi kwa ndege. Katika saa kama hizo hakuna mkutano wa kupigia kura nani aingie chumba cha upasuaji kwanza. Anahitajika mtu mmoja anayesema: wewe damu, wewe lango, wewe upasuaji. Wafanyakazi hawachukii amri ya namna hiyo. Wengi huikumbuka kwa fahari, kwa kuwa kila mtu alijua nafasi yake na mkubwa alikuwa hapo hapo, mikono imetapakaa damu kama wao.

Matatizo huanza pale msimamizi anapoipenda sauti aliyoitumia siku ya dharura akaendelea nayo siku ya kawaida. Ratiba ya zamu inatolewa kama amri ya vita. Swali linachukuliwa kuwa uasi. Barua za kumtaka mfanyakazi ajieleze zinaandikwa kwa kuchelewa dakika kumi, ilhali mvua imekata barabara na kila mtu mjini anajua.

Tena, amri haiponyi kilichobaki baada ya dharura. Mhudumu aliyepokea vijana waliopigwa risasi hurudi nyumbani na picha hizo kichwani. Hulala vibaya, huwa mkali kwa wagonjwa, hukosa hamu ya chakula, na baada ya muda huanza kumwona mgonjwa kama mzigo. Wataalamu wameuchunguza uchovu huu wa kazi kwa zaidi ya miaka 40, na Christina Maslach alichapisha kipimo chake mwaka 1981. Dalili zake kuu ni tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwa baridi kwa watu unaowahudumia, na kujiona hufai kitu. Msimamizi anayejua dalili hizo atamwita mtu kando na kumwuliza hali yake, ampe siku mbili tatu za kupumzika, amtafutie mshauri. Asiyezijua ataandika barua nyingine ya kujieleza.

Kuhusu usalama, ukweli usemwe. Mwezi Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na mwanzoni mwa Desemba wachimba mawe 36 wakauawa. Vyama vya wafanyakazi, vikiwemo vya madaktari na walimu, viliwataka wanachama wao waondoke eneo hilo. Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Kuba walitekwa nyara mjini Mandera walipokuwa wakielekea kazini, na askari aliyewalinda akauawa. Hakuna mtindo wa uongozi unaozuia risasi. Ila iko tofauti kubwa kati ya mkubwa anayemwambia mfanyakazi wake, "barabara ya leo si salama, ambulensi haitoki mpaka tupate ulinzi," na yule anayesema, "wewe nenda tu, Mungu yupo," huku yeye mwenyewe yuko Nairobi. Wa kwanza anaweza kubaki na watu wake hata katika mwaka mbaya.

WADI ILIYOKIRI MAKOSA

Sasa tufike kwenye jambo linalomhusu kila msomaji, hata asiye na jamaa anayefanya kazi hospitalini.

Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa katika wadi 8 za hospitali. Alitazamia kwamba wadi zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikamshangaza: wadi zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi! Baada ya kuchunguza kwa makini akaelewa. Wadi hizo hazikukosea zaidi. Zilisema zaidi. Katika wadi za wasimamizi wakali makosa yalifichwa, na kosa lililofichwa hakuna anayejifunza kutokana nalo. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 1996.

Lihamishie jambo hilo kwenye wadi ya wazazi. Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yalionyesha kwamba Mandera ilipoteza akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na Garissa 646. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 uliiweka Kenya nzima kwenye 362. Kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua au baadaye ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi akina mama duniani, na kunaweza kuua kwa muda wa saa chache tu. Anayeiona damu hiyo kwanza si daktari bingwa. Ni muuguzi mdogo, mwanafunzi wa chuo, wakati mwingine mfanya usafi anayebadilisha shuka. Ikiwa mara ya mwisho mtu huyo alipofungua mdomo aliambiwa, "nani amekuuliza?", leo atasitasita. Dakika kumi za kusitasita zinatosha kumpoteza mama.

Nakumbuka miaka kadhaa iliyopita nilipomuuguza jamaa yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Muuguzi kijana aliona dripu imewekwa isiyo yake. Aliniambia mimi. Hakumwambia msimamizi wake. Alinong'ona, "Mwambie daktari wewe, mimi nitaonekana mjuaji." Nilimwambia daktari, dripu ikabadilishwa, jamaa yangu akapona. Mpaka leo nawaza ingekuwaje kama kitandani pale hapangekuwa na jamaa wa kunong'onezwa.

Mafunzo ya namna hii hayahitaji kutoka Harvard. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na kuenea. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa. Watafiti waliozungumza na wafugaji wa Kisomali baadaye walikuta kwamba wafugaji hao walikuwa wameona ishara mapema: mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi ajabu, mifugo ikiharibu mimba kwa wingi. Habari ilikuwapo malishoni kabla haijafika kwenye meza ya mkubwa. Mhudumu wa jamii aliye karibu na wafugaji hao ndiye sikio la hospitali, lakini ni mara ngapi anaalikwa kwenye mkutano wa asubuhi akaulizwa neno?

BOSI YUKO SEMINA

Tumemsema sana msimamizi mkali. Kwa maoni ya mwandishi huyu, yuko mwingine anayedhuru zaidi, naye ni mpole. Hagombi na mtu. Ukimpelekea shida atakuitikia, "tutaangalia." Dawa zimekwisha: tutaangalia. Wauguzi wawili wamegombana juu ya zamu ya Idi: tutaangalia. Ukimfuata tena unaambiwa bosi yuko semina Naivasha. Huyu ndiye yule kiongozi wa tatu wa Iowa. Chini yake mwenye sauti kubwa hujipangia zamu za mchana, mpole hupewa usiku mwaka mzima, na mvivu na mwenye bidii hulipwa sawa na kusifiwa sawa, yaani hawasifiwi. Mwenye bidii ndiye anayeondoka kwanza. Mara nyingi haaga kwa ugomvi. Ana cheti kizuri, anapata kazi kwenye shirika lisilo la serikali au Ghuba, hospitali inabaki na wale wasiokuwa na pa kwenda.

Jambo hilo si la Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 liliitaja Kenya kati ya nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Mwaka 2010 likatoa mapendekezo ya kuwabakiza wahudumu vijijini na maeneo ya mbali, na pamoja na nyumba, marupurupu na masomo, limo suala la usimamizi unaomsaidia mfanyakazi. Marekani nako, wauguzi walipokuwa wakihama hospitali moja baada ya nyingine, chama cha wasomi wa uuguzi kilichunguza hospitali 163 na mwaka 1983 kikazitaja 41 ambazo wauguzi hawakutaka kuziacha. Zilikuwa na mengi mazuri, lakini moja lilijitokeza waziwazi: muuguzi mkuu alionekana wadini, alisikiliza, na wauguzi walikuwa na sauti katika maamuzi ya wadi zao. Hapa kwetu, watafiti wa KEMRI waliofuatilia hospitali 8 za wilaya, matokeo yakatolewa mwaka 2009, waliona kwamba uongozi wa hospitali na wa idara ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoinua au kushusha ari ya wafanyakazi.

JUMATATU ASUBUHI

Msomaji ambaye ni msimamizi wa wadi, zahanati au hospitali nzima atauliza: fedha sina, maduka ya dawa matupu, serikali inachelewesha mshahara, nifanye nini? Anza na ratiba ya zamu. Ibandike ukutani mwezi mmoja mbele, watu wote waione, na usiku ugawanywe kwa haki. Kwenye mji wa Waislamu na Wakristo, kaa na wafanyakazi mapema mpange nani atashika zamu wakati wa futari ya Ramadhani na nani Krismasi. Watu wakipanga wenyewe hupeana nafasi kwa ukarimu usioweza kuupata kwa amri. Muuguzi kutoka bara anayesafiri siku nzima kwenda kuwaona watoto wake asipewe mapumziko ya siku mojamoja. Mkusanyie siku zake.

Fika kabla ya zamu ya usiku kuondoka, angalau mara mbili kwa wiki. Waamkie kwanza. Uliza usiku ulikuwaje, ndipo uulize vumbi. Ukiona kosa, mwite mtu ofisini mfunge mlango, ukiona jema, liseme mbele ya watu, tena lisemwe kwa jina na kwa kitendo: "Sista, damu ya mama wa kitanda cha nne uliiona mapema." Kumwambia mtu "kazi nzuri" bila kutaja kazi gani ni kama kumpa sahani tupu.

Mshahara ukichelewa usijifiche. Waite wafanyakazi, uwaambie unachokijua na usichokijua, na siku utakayorudi na habari. Siku hiyo ikifika rudi, hata kama huna jipya. Wako wahudumu walioajiriwa kwa mikataba kuanzia 2020 katika mpango wa afya kwa wote ambao waliingia barabarani miaka iliyofuata kudai ajira ya kudumu. Sehemu ya uchungu wao ilikuwa kutojua nani hasa ni mkubwa wao, Wizara au kaunti. Msimamizi wa karibu hawezi kulitatua hilo, ila anaweza kuandika barua, kuifuatilia na kuwaonyesha nakala.

Kwa kupandisha vyeo na kuwapeleka watu masomoni, weka vigezo wazi. Orodha ikitoka, kila aliyekosa ajue amekosa kwa nini. Pale ambapo kila mtu anamshuku mwenzake kwa kabila au ukoo, karatasi iliyobandikwa ukutani hukata minong'ono mingi kuliko hotuba ya saa mbili. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina tawi papo hapo Garissa, na vijana wa eneo hilo wanahitimu. Watabaki kwao au watafuata wenzao mijini, hilo litategemea sana mwaka wao wa kwanza wamewekwa chini ya nani.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Yuko muuguzi anayemchukia kila msimamizi, na yuko anayetaka kushauriwa katika kila jambo lakini hataki kulaumiwa kwa lolote. Ukishirikishwa kupanga, shiriki pia kubeba. Na msimamizi mwenyewe mara nyingi ni muuguzi hodari aliyepewa ofisi siku moja bila kufundishwa namna ya kuongoza watu. Alijua kuzalisha, hakuna aliyemfundisha kusuluhisha. Kaunti inayotaka wadi nzuri itenge muda na fedha za kumfundisha kabla haijamlaumu.

Mwisho, kuhusu ile barua ya uhamisho iliyoko mezani. Wasimamizi wengi huisoma, huitia mhuri na kuipeleka mbele, au huifungia kwenye droo ili mwenyewe achoke kuulizia. Badala ya hayo, mwite mwenye barua, mpe kiti na chai, umwulize: "Tusahau joto kidogo. Ni kitu gani kingine?" Kisha nyamaza. Huenda jibu likachukua muda kutoka, na huenda likakuhusu wewe.